Ngazi ya Duka la Liluben

Duka lilikuwa Lindi mjini, nyuma ya soko la zamani,
rafu zimepanda hadi kwenye bati,
na ngazi ya mvule, vipandio saba.
Mpandaji mimi, Somoe.
Yeye goti lilishamkatalia;
alikaa kwenye stuli, fito ya wari mkononi,
akinihesabia.

"Bhu." Mguu wa kwanza. Dunia hii: vumbi, madeni, watoto.
"Bhuvar." Hewa, njia ya ndege na wasiotulia.
"Svarga." Pepo.
Palikuwa na satini hapo, na hariri ya maharusi,
na kipandio kimelika katikati kama upawa mkongwe.
"Hicho kila mtu hukikanyaga akipanda," alisema,
"na akishuka hukikanyaga tena."
Kwake pepo ni gesti.
Unalala kwa wema uliokuja nao,
ukikwisha unarudisha ufunguo, unazaliwa upya,
labda Kitomanga, labda ndani ya yai la kunguru.

Nikacheka.
"Sasa wema tunafanyia nini?"
"Jora, Somoe. Shika jora lisidondoke."

Cha nne Mahar, makasha ya vifungo.
Wenye hekima wanakaa hapo, lakini dunia zikiungua
joto huwafikia, nao huhamia Jana.
Nililipenda neno hilo.
Kwetu ni siku iliyopita, kwake ni ulimwengu wa tano:
waliookoka moto wote wanaishi jana.
Cha sita Tapa, kwa wajichomao kwa saumu na kimya,
nami kweli nilitapatapa, bati likiwaka juu ya utosi.
Cha saba Satya. Kweli.
Huko hatukuweka bidhaa.
Mjusi kafiri mmoja, na alama ya kiganja changu kwenye vumbi.

Za chini zilikuwa saraka za kaunta, saba pia.
"Patala si jehanamu," alinionya,
"ni kuzuri, hakuna jua, nyoka wanamulika
kwa vito vilivyo vichwani mwao."

Vito navijua.
Kaka yangu Mchopa alivifuata Ruangwa, kwenye mashimo,
na masika yale shimo likafunga mdomo.
Hatukumtoa.

Niliporudi kazini hakunipa pole.
Alivuta saraka ya tatu, yenye sindano, Sutala,
akanisimulia mfalme aliyeombwa hatua tatu za ardhi
na kijana mfupi kama kinu.
Hatua ya kwanza ikameza dunia, ya pili mbingu,
ya tatu mfalme akainamisha kichwa: kanyaga hapa.
Akadidimia hadi Sutala.
"Na yule mfupi, ambaye ni Mungu, akamfuata,
akasimama mlangoni kwake. Mlinzi."
"Mlinzi?"
"Na rungu. Usiku na mchana."

Chuoni nilifunzwa mbingu saba, na ardhi mfano wake.
Kwa hesabu tulipatana, Liluben na mimi.
Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia
nani anakesha chini ya udongo wa Ruangwa.
Sikuamini, sitaki uongo.
Ila usiku ule nililala.

Mwanawe alikuja kutoka Lesta kwa siku tano,
akauliza bei ya kuni kama anayeuliza bei ya teksi.
Kuni za mjini hazikutosha, tukaongeza za Mingoyo.
Nilisimama mbali, na wanawake, mtandio puani.
Moshi ukapanda wima, halafu ukajikunja, ukasita,
nami nikahesabu kimoyomoyo,
na kwenye tatu nikasema kwa sauti, watu wakageuka:
"Usikae hapo, mama. Pita."

Niliwahi kumuuliza, baada ya saba kuna nini.
Alikuwa anakata kitambaa, hakuinua macho.
"Unaiachia ngazi."

Ngazi ninayo mimi sasa, Mitwero,
tunapandia kuziba paa.
Mwanangu ana msumari na kipande cha ubao,
anataka kukiziba kile cha tatu.
Nimemwambia akiache vivyo hivyo.